Intaneti ya bure na bili ya mwezi wa kumi na tatu

Kuna maneno matatu ambayo kila mwenye simu anayajua: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Hutokea chini ya jina la Wi-Fi ya bure ya stendi, soko au bustani ya manispaa, mawimbi yakiwa yamejaa pomoni. Wengi husema mtandao mbovu, wanazima Wi-Fi na kurudi kwenye bando lao. Lakini hali hiyo ukiijua kuisoma inakueleza mengi. Mawimbi kujaa maana yake ni kwamba AP, kile kisahani cheupe cha kurushia Wi-Fi kilichofungwa juu ya nguzo, kina umeme. Simu kupewa anwani ya IP, yaani namba yake ndani ya mtandao, maana yake ruta inayozigawa iko hai. Sasa ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao ule, tafuta namba ya lango (mara nyingi ni kitu kama 192.168.88.1 au 10.5.50.1), kisha iandike kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka, vifaa vya hapo kuanzia AP hadi ruta ni vizima. Kilichokatika ni laini ya kutoka nje. Na hiyo laini mara nyingi haikukatwa na greda la barabara wala panya. Bili ndiyo haikulipwa. Hapo haitwi fundi, anaitwa mhasibu.

Ndiyo maana mjadala wa "intaneti iwe bure kwa wote au isiwe" unaniacha na swali moja tu: mwezi wa kumi na tatu analipa nani? Miradi mingi ya Wi-Fi ya umma hupangiwa fedha za mwaka mmoja. Kuna fungu la vifaa, la kufunga, la uzinduzi, na fulana zenye nembo. Miezi 12 ikiisha, bili inakosa mwenyewe. Serikali ya Kenya ilipoahidi mwaka 2022 vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure katika maeneo ya umma, kila mtu alishika ile idadi. Idadi ya vituo ni hesabu ya siku ya kwanza. Mimi ningeuliza jumla ya miezi iliyolipiwa.

Msimamo wangu niuseme mapema: iwe bure, ila si yote na si kila mahali. Viwe bure vitu viwili. Cha kwanza ni Wi-Fi ya mahali pa umma, yenye kasi ndogo lakini ya uhakika. Cha pili ni njia ya kufikia huduma za serikali kwa simu, hata salio likiwa sifuri. Intaneti ya kukufuata mfukoni mpaka kitandani iuzwe. Ukiona hesabu utajua kwa nini nimeikata hapo.

Anza na kipimo. Kasi huhesabiwa kwa megabiti, bando kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo laini ya 1 Mbps (megabiti moja kwa sekunde) ikitumika kwa saa nzima bila kupumzika hubeba MB 450. Chukua soko lenye vizimba 300, ulifungie laini ya faiba ya 50 Mbps. Kwa saa moja hiyo hubeba GB 22.5. Soko liwe wazi saa 12 kwa siku, siku 30, na laini itumike kwa wastani wa asilimia 40 tu, maana asubuhi na jioni hakuna shughuli. Unapata GB 3,240 kwa mwezi.

Gharama sasa. Tuseme laini ni shilingi za Tanzania 150,000 kwa mwezi (bei hii ni ya mfano, weka ya kwako, na ukumbuke laini ya ofisi huwa ghali kuliko ya nyumbani, tena mkataba wa nyumbani kwa kawaida haukuruhusu kugawia umma). Luku 16,000. Fundi wa kuja mara mbili kwa mwezi, 60,000. Vifaa tuseme viligharimu milioni 2.4 na vitadumu miaka minne, basi weka 50,000 kila mwezi ya kuvinunua upya. Hili fungu la mwisho ndilo huachwa kila mara, na ndilo linaloua mradi mwaka wa tatu. Jumla ni 276,000. Gawa kwa GB 3,240: kila GB imegharimu shilingi 85.

Linganisha. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa bei elekezi ya data ya simu, kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa bei ya chini kabisa hapo, MB 1,000 ni shilingi 2,030. Soko limeipata GB hiyo hiyo kwa gharama iliyo chini mara 24 hivi. Lakini tusiwaonee wenye kampuni za simu: wao wanabeba minara, masafa, dizeli, kodi, na wanakufuata ukiwa kwenye basi. Wi-Fi ya soko imekaa mahali pamoja kama bomba la maji. Hapo ndipo ninapoikata: bomba la mtaa liwe bure, kila nyumba kuvutiwa bomba lake bure ni bajeti nyingine kabisa.

Na 276,000 ukiigawa kwa vizimba 300 ni shilingi 920 kwa kizimba kwa mwezi, kama shilingi 31 kwa siku. Ushuru wa soko unaibeba bila mtu kuisikia, mradi halmashauri iandike mstari wake kwenye bajeti kwa jina: "bili ya intaneti, soko". Ikiingizwa ndani ya "mengineyo" itakuwa ya kwanza kukatwa.

Kuhusu vifaa sina maneno mengi. Kwa soko hilo: kifaa cha faiba anacholeta mtoa huduma, ruta moja yenye uwezo wa kugawa kasi kwa kila mtumiaji, swichi ya mtandao ya milango minane inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao (PoE), AP nne za kukaa nje, waya wa mtandao wa nje, kinga ya radi kwa kila waya unaotoka ndani ya jengo, na betri. Vyote kwa pamoja vinakula kama wati 60. Kwa siku ni uniti 1.44, kwa mwezi uniti 43. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 ina Wh 1,200, ila ukiivuta zaidi ya nusu unaiua mapema. Nusu yake ni Wh 600, inveta inakula asilimia 15, zinabaki 510, ambazo ni saa nane na nusu za vifaa vyako umeme ukikatika. Pasipo na umeme wa gridi, Wh 1,440 kwa siku zinataka paneli za wati 460 hivi, kwa jua la saa nne na nusu na upotevu wa asilimia 30.

Kwenye waya ndipo watu wanapopigwa. Boksi limeandikwa Cat6, bei nzuri, fundi anafurahi. Kata kipande, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiwa mweupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na pembeni mwa boksi pengine wameandika CCA kwa herufi ndogo. Waya huo kwa mita 10 ndani ya ofisi utafanya kazi. Uvute mita 70 hadi nguzoni ukiwa umebeba na umeme wa AP, volti zitashuka njiani, na kisahani kitakuwa kinazima na kuwaka kila watu wakizidi, kwa sababu watu wakizidi ndipo kinapovuta umeme mwingi. Utabadilisha AP mara mbili kabla hujaushuku waya. Mita 100 ndiyo mwisho wa waya wa shaba halisi. Zaidi ya hapo, au ukivuka kutoka jengo moja hadi jingine, tumia faiba, ambayo pia haileti radi ndani.

Umeme wenyewe wa PoE una mtego wake. Zipo AP zinazotaka volti 24 zisizoulizana, na zipo za 48 zinazosalimiana na swichi kwanza kabla ya kupokea. Adapta nyeusi zinafanana. Ukichomeka ya 48 isiyo na salamu kwenye kifaa cha 24, utasikia harufu tu. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kila adapta, siku ile ile.

Halafu idadi na nguvu. AP moja ya kawaida inahudumia watu 30 hadi 50 wanaotumia kwa pamoja. Karatasi yake itakuambia 200, usiisikilize. Kwenye masafa ya GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, na AP ya nne irudie ile ya aliye mbali nayo zaidi. Usipandishe nguvu ya kurusha hadi mwisho. Simu iliyo mita 150 itaisikia AP, lakini antena ya simu ni ndogo, haitasikika. Mtu anaona mistari mitatu ya mawimbi na hakuna kinachofunguka. Ubaya zaidi, simu hiyo ya mbali inaongea kwa kasi ya 1 Mbps, na hewani huongea mmoja mmoja. Ikishika zamu inakaa nayo muda mrefu na wengine 40 wanasubiri. Dawa ni kuzima kasi za zamani, 1, 2, 5.5 na 11 Mbps, na kuweka ya chini kabisa iwe 12. Wa mbali watakosa. Afadhali wakose moja kwa moja kuliko kuwakosesha wote.

Tatizo jingine halionekani kwa macho, nalo linazipata stendi zaidi kuliko masoko. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na anwani 253 za kugawa. Simu ikishaingia siku moja, kila inapopita eneo lile inaunganika yenyewe, hata ikiwa mfukoni mwa abiria anayekimbilia basi. Anachukua anwani, anaondoka nayo Morogoro. Kama muda wa kushika anwani umewekwa saa 24, kwa stendi ya watu 2,000 kwa siku anwani zote zimeisha kabla ya saa nne asubuhi. Anayefika baada ya hapo anaona simu ikizunguka kwenye "Inapata anwani ya IP" bila mwisho. Fundi akija usiku anakuta iko sawa. Weka muda wa saa moja au nusu saa, na panua mtandao hadi ukubwa unaoandikwa /22 kwenye ruta, utapata anwani 1,021.

Kugawa kasi sasa. Kwa watu 70 wanaotumia kwa pamoja, 50 Mbps inatoa wastani wa 0.7 kwa kila mmoja. Mwekee kila mmoja kikomo cha 2 Mbps na foleni ya haki, yaani ruta igawe sawa kwa vichwa bila kujali nani ameanza. Simu ya sauti ya WhatsApp inakaa vizuri chini ya 0.1 Mbps. Kutuma ujumbe, kusoma, kujaza fomu, kuangalia bei: vyote vinapita. Video ya ubora wa kati inahitaji kama 1 Mbps, itapita mchana wa kimya na kukwama saa ya msongamano. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Anayemaliza laini si kijana wa YouTube unayemnyooshea kidole. Ni simu zenyewe. Simu za watu wetu zinaishi kwa bando dogo, kwa hiyo kila kitu kizito kimewekwa kisubiri Wi-Fi: masasisho ya programu, nakala za WhatsApp, picha kupanda kwenye akaunti ya Google. Wi-Fi ya bure ikitokea, simu inaona sikukuu imefika. Simu 60 zikisasisha MB 100 kila moja ni GB 6, na kwa 50 Mbps hiyo ni dakika 16 za laini nzima. Picha zinazopanda ni mbaya zaidi, maana upande wa kupandisha ukijaa hata anayeshusha anakwama: uthibitisho wa kila pakiti aliyopokea unapaswa kupanda foleni ile ile. Kaba upandishaji kwa kila mtu, 512 kbps inatosha, na washa foleni za aina ya fq_codel au CAKE kama ruta inazo. Mabadiliko haya mawili yanaleta nafuu kuliko kuongeza laini mara mbili.

Ukurasa wa kuingilia uwe na kitufe kimoja: Kubali. Kuomba jina, namba ya simu na barua pepe kunaonekana ni ujanja wa mjini, lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 anayekusanya taarifa za watu Tanzania ana wajibu wa kusajiliwa, kuzilinda na kueleza anazitumia nini. Soko halina sababu ya kujitwika mzigo huo. Ukurasa usipojitokeza kwenye simu, angalia kama kuna mtu ameruhusu anwani za majaribio za Google na Apple zipite kabla ya kuingia. Simu huzijaribu hizo kwanza. Zikipita, inaamini intaneti ipo na haikufungulii ukurasa wowote. Washa pia kizuizi cha simu kuonana zenyewe kwa zenyewe, ili mwenye nia mbaya asichungulie simu ya jirani. Na usitegemee kumhesabia mtu dakika kwa anwani ya MAC, ile namba ya kuitambulisha simu kwenye Wi-Fi: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hujibunia anwani, mtu akigusa mpangilio anarudi kama mgeni.

Kuna "bure" nyingine ambayo haihitaji hata laini. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa pakiti ya sigara, diski ya GB 256, programu ya Kiwix ya kusomea tovuti bila intaneti, na ndani yake Wikipedia nzima ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza, ambayo peke yake ni zaidi ya GB 100 ikiwa na picha. Ichomeke kwenye swichi. Wanafunzi wanasoma kwa kasi kamili, bila kugusa 50 Mbps za soko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kukokota. Kiboksi cha namna hiyo hakiwezi hata kujua kama kuna waya umekatika baharini.

Sasa kitu cha pili ninachotaka kiwe bure. Maombi ya ajira serikalini yako mtandaoni. Mkopo wa elimu ya juu uko mtandaoni. Namba ya malipo ya serikali inatoka mtandaoni. Madirisha ya zamani yalikuwa na foleni na jua, lakini kuyafikia kulikuwa ni miguu yako. Dirisha likihamishiwa mahali pa kulipia kiingilio, mwenye dirisha ndiye alipe kiingilio hicho. Leo anayelipa ni mwombaji, na kwa kawaida analipa steshenari: kwa ukurasa, kwa skani, na kwa "system inasumbua, rudi kesho".

Kifundi ni jambo linalowezekana. Lango la kampuni ya simu linaangalia pakiti inakwenda anwani gani. Anwani ikiwa kwenye orodha, haihesabiwi, hata salio likiwa sifuri. Ugumu uko upande wa tovuti. Ukurasa unaweza kuwa wa .go.tz huku herufi zake zikitoka Google, ramani yake kwingine na video yake YouTube. Kwa asiye na bando, hivyo vya nje vinagoma, ukurasa unakaa mweupe, kitufe cha "Endelea" hakionekani. Kwa hiyo kila kinachohitajika kikae kwenye anwani moja, seva iwe ndani ya nchi, ukurasa usizidi KB 300, na fomu ihifadhi kila hatua ili mtandao ukikatika hatua ya tano mtu asianze upya. Zile picha za viongozi zinazopokezana juu ya ukurasa wa mwanzo, MB tatu kwa mkupuo, ziende kwenye ukurasa wao. Kipimo ni rahisi: weka laini yenye MB sifuri kwenye simu ya bei ya chini, jaribu kuomba huduma mwanzo hadi mwisho.

Gharama yake? Tuseme maombi moja, pamoja na viambatisho, yanakula MB 36. Watu milioni moja wakiomba ni GB 36,000. Ni sawa na matumizi ya mwezi mmoja ya masoko 11 ya mfano wetu. Hakuna kampuni ya simu itakayofilisika kwa hilo.

Lakini orodha ya vinavyopita bure ikishikwa na mfanyabiashara, mambo yanageuka. Facebook ilileta Internet.org Zambia mwaka 2014, baadaye ikaiita Free Basics na kuieneza nchi nyingi. Ilikuwa bure kweli. Ila ilikuwa bure ndani ya uzio: tovuti chache zilizokubaliwa, na Facebook yenyewe mlangoni. Ukibonyeza habari ili uisome nje ya uzio, unaambiwa nunua bando. India ilipiga marufuku bei za upendeleo za namna hiyo Februari 2016. Bure si huru, na lugha yetu bahati nzuri imeyatenga maneno hayo mawili tangu zamani. Natenganisha basi: dirisha la serikali halina mshindani, kulipitisha bure hakumnyimi mtu soko. Kupitisha bure mtandao mmoja wa kijamii na kumtoza anayetaka kutumia mwingine ni kununua watu. Wala kulipia hakukupi uhuru, maana siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ya Tanzania ilipozimwa, mwenye bando la mwezi na asiye na kitu walikaa gizani pamoja.

Matangazo nayo hayalipi kama watu wanavyodhani. New York ilisimika nguzo za LinkNYC mwaka 2016, Wi-Fi bure, matangazo ndiyo ya kulipa. Mji tajiri kiasi hicho, na bado mapato hayakufikia makadirio na mwendeshaji akabaki na deni kubwa kwa jiji. Google Station, Wi-Fi ya bure ya Google, ilikuwa kwenye vituo zaidi ya 400 vya reli nchini India. Mwaka 2020 Google ikatangaza kuifunga, ikieleza kwamba data ya simu imeshuka bei na kwamba kuuendeleza mradi ni kazi ngumu. RailTel, shirika la umma lililokuwa na faiba yake kandokando ya reli, likaendelea: nusu saa ya kwanza bure kwa 1 Mbps, ukitaka zaidi unalipa. Huo ndio mpango ninaoupenda, na ona nani aliyebaki: mwenye faiba, aliyekuwa na sababu ya kuwepo pale hata bila matangazo.

Ufini husifiwa kwamba iliifanya intaneti kuwa haki ya kisheria Julai 2010. Ni kweli, wakati huo ilikuwa 1 Mbps kwa kila mkazi. Lakini haki hiyo ni ya kuunganishwa kwa bei ya kiasi. Bili unalipa mwenyewe. Anayeitumia Ufini kama mfano wa intaneti ya bure hajaisoma.

Fedha za kuanzia zipo. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, chini ya sheria ya 2006. Kenya ina mfuko wa namna hiyo, na kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Mifuko hii ilizoea kulipia minara vijijini, na mnara una sifa nzuri ya kuonekana kwa mbali. Ninachopendekeza ni kwamba kwa Wi-Fi ya umma mfuko usilipie kufunga vifaa. Ulipie mwezi uliofanya kazi.

Utekelezaji wake ni wa kawaida kabisa. Kila kituo kiwe na kifaa kidogo kinachojaribu kufikia seva ya mfuko kila baada ya dakika tano, kikiwa kimeunganishwa kwa Wi-Fi kama simu ya mtu yeyote. Kisichomekwe kwenye swichi kwa waya, maana kwa waya kitasema mambo shwari huku AP zote zimekufa. Kijaribu vitu vitatu: kupata anwani, kufungua ukurasa mmoja wa nje, na kupima kasi ya sekunde chache saa ya msongamano. Mkataba uandike upatikanaji wa asilimia 95 ndani ya saa za kazi. Kwa soko la saa 12 kwa siku hiyo ni ruhusa ya kuzima saa 18 kwa mwezi, inatosha fundi kutoka wilayani na kufika. Chini ya 95, malipo yapungue kwa uwiano. Chini ya 80, mwezi huo usilipwe. Matokeo yabandikwe kwenye ukurasa ulio wazi, kituo kwa kituo.

Mkataba uwe wa miezi 48, sawa na umri wa vifaa, na akiba ya vifaa ikae kwenye akaunti ambayo mkandarasi haigusi mpaka mwezi wa 48. Chini ya kila AP, mahali pa kufikiwa na macho ya mtu aliyesimama, kibandikwe kibao kisicholiwa na jua: jina la kituo, namba ya kupiga bure, na bili imelipwa hadi mwezi gani.